Nyumba Isiyonukia Siagi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hii hii nimeitoa siagi nyumbani.

Niliitoa yote. Kopo la kwenye friji, kipande kilichobaki kwenye kisahani cha mezani, na ile ya akiba niliyoificha nyuma ya unga nikajifanya nimeisahau. Nikatia kwenye mfuko, nikavuka barabara na mwavuli wangu uliovunjika ubavu mmoja, nikampa jirani yangu msusi. Alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Akaniuliza, "Mama, leo kuna nini, mnahama?" Nikamwambia mume wangu amekatazwa siagi. "Amekatazwa na nani?" "Na moyo wake." Akaupokea mfuko kwa mikono miwili na hakutania tena.

Mume wangu ni fundi saa. Ametoka hospitali juzi. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wetu, alisema mishipa ya moyo imeanza kuziba, na cha kwanza kuondoka jikoni ni siagi. Alisema kwa upole na kwa wepesi, kama mtu anayekuomba uvue viatu mlangoni. Hajui nyumba yetu. Kwetu yai hukaangwa kwa siagi, wali humaliziwa kwa siagi, viazi, maharage, mboga za majani, hata uji. Marehemu mama mkwe alinifundisha hivyo wiki niliyoolewa, nami nikashika. Kesho naanza upya kama bi harusi, ila bi harusi mwenye magoti yanayolia.

Sasa hivi mvua inapiga bati, na huko chumba cha mbele saa za wateja zinagonga kila moja kwa wakati wake. Nimekaa katikati na pindo la pazia mapajani, sishoni.

Jumanne, 4 Machi

Mayai kwa mafuta ya alizeti. Amekula nusu, akasema ahsante. Tangu tuoane hajawahi kunishukuru kwa yai. Sikuipenda ile ahsante.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi amekuja. Hakuitwa na mtu. Ni mdogo wake mume wangu, wa mwisho kwao, na alifundisha chekechea mpaka alipostaafu. Mpaka leo akizungumza na mtu mzima huinama kidogo na kuongeza sauti.

"Wifi," akasema kabla hajaketi, "nasikia unamlisha kaka yangu mafuta ya taa."

"Ya alizeti."

"Mimi naona ni yale yale."

Akafungua begi. Nguo, ndala, shuka lake mwenyewe kana kwamba mimi sina mashuka, na chini kabisa kopo la siagi. Nikamwambia hilo halivuki mlango wa jiko langu. "Basi litalala na mimi," akasema, na kweli kalipeleka chumbani kwake. Ananitafuta, huyu. Na mimi nimezeeka, sina nguvu za kutafutwa.

Mchana yeye ndiye aliyempelekea kaka yake chakula. Tangu atoke hospitali tunampelekea hukohuko kwenye chumba cha kazi, kwenye sinia, asichoke kutembea. Sinia limerudi na chakula karibu chote.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Sinia limerudi. Amesema ameshiba.

Ijumaa, 14 Machi

Msusi kaniambia parachichi linaweza kushika nafasi ya siagi kwenye keki. Nikaponda maparachichi mpaka mkono ukauma, nikachanganya, nikatia kwenye oveni, nikakaa sebuleni kungoja.

Nilikuwa nimetundika mapazia ya wavu ya mteja kwenye kamba, ili nione kama yanaanguka sawasawa. Upepo wa mvua ukawa unayaingia, yanajaa, yanapungua, yanajaa. Mtaa wote nikawa nauona kwa kupitia wavu ule, watu wanapita na miavuli, hawana nyuso, hawana sauti, mtu na baiskeli yake anaisukuma majini taratibu kama hana anakokwenda. Nikasahau nilikuwa nangoja nini. Nadhani nilifurahi kidogo. Kisha wifi akapiga makofi mara mbili, kama anavyowaita watoto wake, akasema keki yangu inataka kuungua.

Ilikuwa ya kijani. Wifi akaizunguka. "Watoto wangu wa chekechea wangelia," akasema. Nikampelekea mume wangu kipande. Akakitia mbele ya ile lenzi yake ya jichoni, akakigeuza huku na huku, akakiweka sikioni.

"Inatembea?" nikamuuliza.

"Imesimama," akasema. "Lakini fundi wake ni mzuri."

Tukacheka wote wawili. Kisha akakiacha pale pembeni ya bisibisi zake, na mchana nilipopita nikakikuta vilevile.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepunguza kiuno cha suruali yake ya kijivu. Ameileta mwenyewe, akaiweka juu ya cherehani, akaondoka.

Baada ya hapo nililalia mkono na usingizi ukanichukua mchana mchana. Nikaota nyumba yetu imejengwa kwa siagi, kuta, milango, mpaka vizingiti. Mvua ya uvuguvugu inanyesha, na mimi nazunguka na kitambaa napangusa kuta zisiyeyuke. Yeye yuko ndani anatengeneza saa, anaimba kwa pua, hana habari. Kila nilipopangusa ukuta ukawa mwembamba zaidi. Nilipoamka mkono umekufa ganzi, na suruali ya kijivu ina alama ya shavu langu.

Alhamisi, 27 Machi

Kliniki. Daktari kasoma karatasi zake akatabasamu. "Mama, hongera. Mafuta kwenye damu yameshuka." Halafu akampandisha mume wangu kwenye mizani na lile tabasamu likaisha.

"Mzee, huli?"

"Nakula."

Daktari akanigeukia mimi. Akanieleza polepole, na nikamwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Akirudia siagi, mishipa inaziba. Asipokula, moyo unakosa nguvu ya kusukuma. "Akiendelea kupungua hivi nitalazimika kumlaza," akasema, "tumlishe kwa mpira."

 Njiani maji yalikuwa yamejaa barabarani, yametulia, na majengo yalisimama ndani yake kichwa chini. Tulipokaribia nyumbani mume wangu akasema, "Mimi sirudi pale kulala." Mama yake aliingia hospitali ile kwa miguu yake na akatoka amefunikwa. Najua. Nilikuwepo.

Naogopa. Nimetafuta namna nzuri ya kuliandika hilo, sikuipata. Naogopa.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua kutwa. Suruali ya kahawia, kiunoni na mapajani.

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki hii nimepika keki kwa ndizi mbivu, viazi vya kuponda kwa mtindi, wali kwa tui jepesi, boga la kuoka na mafuta matone mawili matatu. Nimesaga karanga mpaka wifi akasema kinu kitanishitaki. Na si kwamba chakula ni kibaya. Viazi vya mtindi nimevila mimi mwenyewe nimesimama jikoni, na nikaongeza. Kila sinia analisifu. "Chakula kizuri sana," anasema, na linarudi.

Leo mimi na wifi tumegombana. Nilikuwa napima mafuta kwa kijiko. Akasimama nyuma yangu.

"Mtu anakufa njaa mbele yako, na wewe unapima vijiko."

"Na wewe unataka afe ameshiba?"

"Ndiyo," akasema, na hakuinama, hakupaza sauti. "Kama ni lazima afe, nataka afe ameshiba."

Nikaweka kijiko chini. Nilitaka kumwambia afungashe. Nilitaka kumwambia mengi, ya leo na ya zamani, tangu siku ile ya harusi yangu aliposema gauni limenibana. Nikajikaza kisabuni, nikarudi kwenye cherehani, na nikashona pazia la mteja ndani nje. Nimelifumua lote. Namchukia, na sitaki kuificha hiyo chuki humu.

Jumatatu, 7 Aprili

Sinia limerudi. Wifi haniongeleshi, anaongea na sufuria.

Jumapili, 13 Aprili

Leo asubuhi nilikuwa nakunja pindo, wifi anafagia ukumbi. Nikasikia kitu kimeanguka chumba cha mbele. Kisha kimya, na ndani ya kile kimya saa zote zikaendelea kugonga kama kawaida. Hilo ndilo lililonitoa mbio, kwamba zilikuwa zinaendelea.

Alikuwa sakafuni kati ya kiti na meza, jasho usoni, macho wazi. Skrubu ndogo ndogo zimemzunguka, zinang'aa.

"Msikanyage skrubu," akasema.

Wifi alimnyanyua peke yake. Kabeba watoto wa watu miaka yote ile, mikono yake bado inajua. Nilipoona mtu mzima ananyanyuliwa kirahisi namna ile, nikavuka barabara mbio kumwita msusi. Msusi akatafuta gari, akapanda nasi na kitana chake mkononi, mteja kamwacha kwenye kiti.

Daktari akampima huku sisi watatu tumejipanga ukutani. Mwisho akatoka akasema moyo uko vilevile kama mwezi uliopita. Hakuzidi kuumwa. "Ameanguka kwa njaa," akasema. Nyumba yenye wanawake wawili jikoni kutwa, na mtu anaanguka kwa njaa. Akataka kumlaza palepale. Mume wangu akashika ukingo wa kitanda akasema hapana, tena akasema hapana, na binti wa watu akamtazama sana. "Basi tarehe kumi na mbili Mei," akasema. "Nikikuta umepungua tena, Mzee, hapana yako sitaisikia."

Tuliporudi nyumbani tukamlaza. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa wifi, nikalivuta begi lake, nikatoa lile kopo. Lilikuwa limefunguliwa. Alama za kisu zimepita juu ya siagi, tena nyingi.

Akanikuta nimelishika.

"Umekuwa ukimlisha," nikasema.

"Nilimpakia mkate. Jana, juzi, na siku nyingine za nyuma. Nilikuwa nampelekea ukienda kupima madirisha ya wateja."

"Kwa hiyo anashiba siagi yako, ndiyo maana changu hakigusi."

"Wifi, hakula."

Sikumwelewa. Akafungua droo. Ndani kulikuwa na vipande vya mkate vimefungwa kwenye karatasi, kimoja kimoja, siagi imepakwa nene, haikuguswa na jino. Hakuweza kuvitupa, akasema, kwa sababu amevipaka yeye. "Anautazama mkate, anasema ahsante, anasema ameshiba. Hata siagi haitaki." Akakaa kitandani. Mwanamke anayewapigia makofi watu wazima, akalia kwa kwikwi huku amejiziba mdomo, asisikike chumba cha pili. Nikakaa karibu naye. Sikuwahi kujua kwamba ana mikono midogo hivyo.

Tulikaa pale muda mrefu, mvua inateremka dirishani. Mimi nilikuwa namnyima, yeye alikuwa anampa, na mwenyewe hakitaki cha yeyote. Basi anataka nini?

Jumatatu, 14 Aprili

Tumetupa ile mikate pamoja. Wifi kanisaidia kukunja mapazia. Hana mkono wa kushona lakini kukunja anajua.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Wifi aliamua kumaliza kopo lake kwa kumwokea msusi biskuti, kumshukuru kwa ile siku ya gari. Nikamruhusu. Siagi iingie jikoni mara moja, itoke, basi. Mimi nilikuwa na viazi na maharage jikoni, kwa mafuta, tayari kwa sinia.

Akatia siagi kwenye kikaango iyeyuke. Siagi ikianza kupata moto hulalamika. Kisha hutoa povu, povu linapanda, linanong'ona, halafu ghafla inanyamaza, na hapo ndipo harufu inapotoka, ile ya kahawia, tamu. Ilikuwa wiki nyingi sijaisikia. Nikafumba macho. Ilikuwa kama mama mkwe yuko nyuma yangu, na mimi nina kiuno chembamba, na mchana wote bado uko mbele. Mvua ilikuwa nyepesi. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani.

Nikasikia kiti kinavutwa.

Mume wangu alikuwa amekaa mezani, anafuta vidole kwenye kile kitambaa chake cha kazi, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya kila siku ya Mungu kabla ya kuumwa. Wifi akageuka na kijiko hewani. Nikamwashiria kwa macho asiseme kitu. Nikapakua viazi na maharage, nikamwekea mbele.

Akala. Akala vyote. Akachukua mkate akafuta sahani.

Nikasema, "Leo njaa imekuja."

"Njaa ninayo kila siku."

"Sasa mbona leo umekula?"

"Leo nimeitwa."

"Umeitwa na nani?"

Akanyanyua kidevu kuelekea kikaango. Kisha akakunja kitambaa chake vizuri, akakikunjua, akakikunja tena. "Sinia ni la mgonjwa," akasema. "Mnalileta, mnaliweka, mnaondoka kwa kunyata. Nikiliona najua bado mnangoja kitu." Hakusema kitu gani. "Nikajiambia ngojeni basi, na mimi nangoja niitwe. Sikuitwa."

Ni kweli. Katika nyumba hii mimi sijawahi kumwita mezani. Siagi ikinyamaza kwenye kikaango, harufu inapita ukumbini, yeye anaweka bisibisi chini, anakuja. Ilikuwa hivyo tangu tuwe wawili. Nilidhani naondoa mafuta tu. Kumbe nimeondoa na yule aliyekuwa akimwita, na sikuweka mwingine mahali pake.

Alhamisi, 24 Aprili

Sinia tumelipandisha juu ya kabati. Lakini njia nyingine hatujaipata.

Wifi alishauri tuwe tunachoma kipande cha siagi iliyobaki kwenye biskuti kila siku kwa ajili ya harufu tu, kisha tunamwaga. Tukafanya. Siku ya kwanza akaja akala. Siku ya pili akaja mapema, na nilipogeuka kuchukua sahani nikamkuta amesimama kwenye jiko anafuta kikaango kwa mkate. "Ilikuwa inapotea bure," akasema, na kidevu kinang'aa. Nikampa wifi kopo, nikamwambia avuke nalo barabara, na siagi isirudi tena humu.

Jumanne mchana nikagonga kifuniko cha sufuria. Akadhani kimeanguka. Jioni wifi akapiga makofi, mume wangu akatoka mpaka ukumbini, akatutazama. "Mimi si mtoto wa chekechea," akasema, akarudi ndani. Wifi akaita, "Kaka, njoo ule." Akajibu, "Nakuja, dada," akaendelea na saa yake mpaka chakula kikapoa. Jana mimi nikasimama mlangoni pa jikoni nikasema, "Haya, chakula tayari." Akaniambia baadaye alidhani nazungumza na wifi.

"Mwite wewe," wifi akaniambia leo.

"Nimemwita."

"Umeuita ukumbi. Mwite yeye."

"Nimwite nani?"

Hapo wote wawili tukaelewa tulipofika. Wanawake wenzangu huita Baba Fulani, wanataja mtoto, na mume anaitika. Sisi hatukujaliwa. Tulingoja, tukaacha kungoja, na hatukulizungumza sana. Kumwita mume jina lake tupu sikulelewa hivyo, ulimi wenyewe hauendi. Basi miaka yote nimekuwa nikimwambia "sikiliza", au "samahani kidogo", au namgusa bega. Yeye naye kwangu ni "mwenzangu" akiwa na furaha, na akiwa na haraka hanitaji kabisa. Wateja wanamwita Fundi, daktari Mzee, dada yake Kaka. Nimewaza kutwa nzima, na sikumpata hata mtu mmoja aliye hai anayemwita jina lake.

Iliniuma. Nilidhani jambo la watoto limekwisha kuniuma.

Jumapili, 27 Aprili

Nimelisema jina lake chini chini nikiwa naosha vyombo, maji yamefunguliwa. Nimeona haya kama msichana.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imepungua, inakuja na kuacha. Mwanga ulikuwa wa ajabu mchana, wa rangi ya chai, unaingia kwa mlango wa nyuma na kulala sakafuni. Nilikuwa nimepika viazi na vitunguu, kwa mafuta. Havikuwa na harufu ya kufika popote. Wifi alikuwa ameshapanga sahani. Huko mbele nilimsikia anazungusha ufunguo wa saa, kra, kra, kra.

Nikatoka jikoni nikasimama ukumbini na aproni yangu, nikaita. Jina lake. Lile la kwenye cheti cha ndoa.

Lilitoka dogo, likaishia katikati ya ukumbi. Nikapiga moyo konde nikaliita tena, safari hii kwa kifua, mpaka nikashangaa kumbe nina sauti.

Ule ufunguo ukanyamaza.

Nyuma yangu wifi alikuwa ameshika kijiko cha kupakulia. "Tangu mama," akasema taratibu, "sijalisikia humu ndani." Sikugeuka. Nilikuwa naangalia mlango wa chumba cha mbele, na nikawaza, asipotoka nitafanyaje, nitarudi jikoni na uso gani.

Akatoka. Alikuja haraka kuliko anavyoruhusiwa, lenzi bado iko jichoni, jicho moja kubwa na jingine dogo.

"Nani ameniita?"

"Mimi."

"Kuna nini?"

"Chakula."

Akabaki amesimama. Akaitoa ile lenzi polepole, akaitia mfukoni mwa shati, akafuta jicho lile, na lile jingine pia. "Nakuja," akasema, ingawa alikuwa ameshafika.

Akala. Akaomba viongezwe. Wifi akainuka akasema anatafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake mezani, akakaa huko kwenye stoo mpaka tulipomaliza.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwita. Amekula. Msusi kasema sauti yangu inafika mpaka kwake, na mteja wake kauliza huyo ni nani anaitwa kwa raha hivyo.

Alhamisi, 8 Mei

Jua kidogo. Wali kwa mafuta, mboga, maharage. Amesema mboga hazina chumvi. Amelalamika kwa muda mrefu, tena kwa nguvu. Nimemsikiliza mpaka mwisho.

Jumatatu, 12 Mei

Kliniki. Alipopanda mizani mimi na wifi tuliangalia ukuta. Daktari akasogeza kile kichuma, akakisogeza tena. "Mzee, umeongezeka," akasema, na sauti yake ikawa ya msichana kabisa. Si sana, akasema, lakini umeongezeka, na damu bado ni nzuri, hakuna kulazwa. Akachukua kalamu. "Mama, niambie, mmebadilisha mafuta gani? Nitawaambia na wagonjwa wengine." Wifi akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Nikasema alizeti.

Wifi anataka kuondoka kesho. Nimemwambia akae mpaka mwisho wa mwezi, nina mapazia ya hoteli nzima na sina mtu wa kukunja. Akainama kidogo akaniuliza kama nimesema nilichosema. Nikamwambia asinitafute. Atakaa.

Mvua imekatika. Mchana tumekula milango ikiwa wazi, na baada ya kula mume wangu akarudi kwenye saa zake, wifi akajinyoosha kochini. Mimi nikabaki naosha vyombo. Maji ya bomba yalikuwa ya uvuguvugu kwa jua, na sahani hazikuwa na mafuta ya kusumbua, nikawa naziosha bila kuziona, niko mbali, sijui wapi.

Nikasikia naitwa. Kwa jina langu. Jina la kwetu, alilonipa marehemu baba, ambalo humu ndani halina anayelitumia. Mimi hapa ni wifi, ni Mama wa mapazia, ni mwenzangu. Nilifikiri ni usingizi. Nikaitwa tena, kutoka chumba cha mbele, wazi kabisa.

"Abee," nikasema.

 Nikafuta mikono nikaenda. Alikuwa ameinamia saa ya mteja, bisibisi mkononi, hakuinua kichwa, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

"Umeniita. Kuna nini?"

"Hamna kitu," akasema. "Nilikuwa najaribu tu."